Herufi A Kwenye Dirisha la Mama

Kwa muda mrefu mama mkwe wangu hakumruhusu mtu akibandue kile kibandiko. Kilikuwa pembeni mwa kioo cha sebuleni, kina mistari ya rangi kuanzia kijani mpaka nyekundu, na mshale umeelekezwa kwenye mstari wenye herufi A. Mgeni akiingia nyumbani kwake, Kwa Vonza kaunti ya Kitui, hata kabla ya chai alionyeshwa A. Kijana wake aliyeko Leicester, Uingereza, ndiye aliyeyaleta madirisha hayo, na kazi yake huko ni kufunga madirisha na milango. Kwa mama, herufi ile ilisema mtoto amefaulu. Nani angemlaumu kwa kutaka ionekane?

Mimi nimeolewa katika familia hii na ninafundisha fizikia. Nalisema hili mapema ili ieleweke kwa nini mambo ya dirisha yalinikosesha usingizi kuliko inavyotarajiwa kwa mkaza mwana.

Shemeji aliyapata madirisha yale kwa bahati. Mteja alibadili nia baada ya kiwanda kumaliza kazi, na dirisha lililotengenezwa kwa vipimo vya nyumba moja haliingii nyumba nyingine, kwa hiyo aliuziwa kwa bei ya kutupa. Akayaviringisha kwenye magodoro, yakaingia kontena alilochangia na Wakenya wenzake, yakashushwa Mombasa. Kutoka huko yalipanda lori hadi Kibwezi, yakakata kulia kufuata barabara ya Ikutha na Mutomo, ambayo siku hizi ni lami mpaka Kitui mjini. Hakuna kioo kilichopasuka. “Mwaitu, yamefika mazima,” mume wangu alimwambia mama yake kwa simu, na nikamsikia mama upande wa pili akishukuru kwa sauti.

Nyumba ilikuwa imefika linta, ukuta wa matofali ya kuchoma. Nafasi zilizoachwa zilikuwa za madirisha ya kawaida ya chuma, basi fundi akabomoa pembeni na kupanua. Madirisha mawili makubwa, kila moja upana wa mita 1.8 na kimo cha mita 1.2, yakawekwa upande wa magharibi, kwa sababu barabara iko magharibi na mama alitaka kumwona anayekuja. Katikati yao ukawekwa mlango wa chuma uliochomelewa mjini Kitui, mlango mzito mzuri wenye nakshi, ukapakwa rangi ya maruni. Kila dirisha lilikuwa kioo kimoja kipana kisichofunguka, na juu yake kijidirisha chembamba cha kusukuma nje. Paa lilichomoza sentimita chache tu kupita ukuta. Hesabu ya mabati ilikuwa imefika mwisho.

Tuliingia nyumba wakati wa mvua za Novemba, na nyumba ilikuwa tulivu, kelele za barabara hazisikiki, vumbi haliingii. Familia nzima ilisifu. Mvua zikaisha, Januari ikakauka, Februari ikaingia.

Anayeijua Kwa Vonza mwezi wa pili na wa tatu hahitaji kusimuliwa. Ni tambarare, miti imepangana mbali, na jua la alasiri halina kilima cha kujificha. Kuanzia saa nane mchana lilikuwa linatambaa sakafuni mwa sebule hadi ukuta wa nyuma. Mshumaa uliokuwa mezani ulipinda. Vitambaa alivyovifuma mama kwa mkono vikapauka upande mmoja wa kochi, upande mwingine vikabaki na rangi yake. Nilichokiona kibaya zaidi kilikuwa usiku. Saa nne usiku, nje upepo umeshapoa na mtu anatafuta leso ya kujifunika mabegani, lakini ndani sakafu bado ina joto la mchana ukiikanyaga bila viatu, na hewa imesimama.

Mama hakulalamika. Alianza kwa kuhamisha kiti chake polepole kuelekea ukuta wa nyuma, kisha akahamia ukumbini, na siku moja tulipowasili bila taarifa tukakuta godoro lake liko jikoni, lile jiko la zamani la udongo na nyasi ambalo paa lake linashuka mpaka karibu na kiuno cha mtu. “Nyumba ni nzuri, mwanangu,” aliniambia. “Ni mimi tu nimezoea jikoni.” Kijana wake alikuwa amempa dirisha lenye A. Angewezaje kusema linamchoma?

Aliyesema ni mlango. Wanawake wa mwethya wake, kikundi chao cha kusaidiana, walikuja alasiri moja kumpongeza kwa nyumba mpya, na sufuria, na kuku wawili, na shuka la maua. Mama alikuwa ndani akipanga vikombe. Alipokwenda kuwafungulia, kitasa kilizunguka lakini mlango haukutoka. Bati lake lilikuwa limepigwa na jua tangu saa saba. Upande wa nje umepanuka kwa joto, upande wa ndani haujapanuka kiasi hicho, na mlango mzima ukatuna kidogo na kujikaza kwenye fremu. Milimita moja inatosha kwa mlango uliotengenezwa kwa kubana. Mwanamke mmoja aliushika mpini wa nje akauachia papo hapo na kupuliza vidole. Dirishani hapakuwa na pa kupita mtu. Kwa muda wageni walipokewa kupitia kile kijidirisha cha juu: mama amesimama juu ya kigoda, anapitisha kikombe kimoja kimoja, na wanawake chini wanapokea, wote wanacheka na mama pia anacheka, ila jasho linamtiririka na mimi niliyekuwa uani niliona hacheki kwa macho. Fundi wa jirani alipoitwa hakuja na nyundo. Aliuliza maji. Akaumwagia mlango ndoo ya maji kutoka juu, akangoja kidogo, akausukuma kwa bega, ukafunguka.

Jioni ile mama alizungumza. Alisema hataki mtoto wake aambiwe.

Kikao cha familia kilikaa Jumapili iliyofuata chini ya mwembe. Wifi yangu, aliyeolewa Nunguni kule Makueni, alikuja na msimamo kwamba madirisha yale yang'olewe. Majirani walikuwa wamemwambia kioo cha tabaka mbili hupika, kwamba kimoja kinapokea jua na cha pili kinalizuia lisitoke. Mume wangu alisema haiwezekani: lebo inasema A, na A ni daraja la kuokoa nishati, basi tatizo liko kwa mabati au kwa fundi. Wote wawili walikuwa na kipande cha ukweli, na ndiyo maana hakuna aliyemshinda mwenzake. Nikaingia ndani na miwani yangu, nikainama kwenye kile kibandiko ambacho kila mtu alikuwa amekitazama na hakuna aliyekisoma.

Chini ya mistari ya rangi kulikuwa na namba tatu kwa maandishi madogo. Ya kwanza, U: 1.4. Ya pili, g: 0.45. Ya tatu, upenyo wa hewa: 0.00. Herufi kubwa ilikuwa imetengenezwa na hizi.

U ni kipimo cha joto linalopita kwenye dirisha zima, kioo na fremu, kwa sababu tu upande mmoja una joto kuliko mwingine. Huhesabiwa kwa wati kwa kila mita mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Kioo kimoja cha kawaida, kile kinachouzwa katika kila duka la vifaa Kitui, kina U ya karibu 5.7. Vioo viwili vyenye hewa katikati hushuka mpaka karibu 2.8, na vikiongezewa utando mwembamba wa metali na gesi ya agoni hufika 1.4 au chini. Kadiri U ilivyo ndogo ndivyo joto linavyopita kwa shida. g ni kitu kingine kabisa. Ni sehemu ya jua linalopiga dirisha ambayo inaishia ndani ya nyumba ikiwa joto. 0.45 maana yake karibu nusu. Wamarekani huiita kwa jina lao refu na huiandika kwenye lebo yao wenyewe, lakini maana ni ileile.

Sasa sikiliza jinsi Waingereza wanavyopata herufi. Baraza lao la kupima madirisha, BFRC, huchukua g na kuizidisha kwa 218.6. Kisha huchukua U pamoja na upenyo wa hewa, huzidisha kwa 68.5, na kuiondoa kwenye ile ya kwanza. Kinachobaki ni uniti za nishati ambazo kila mita mraba ya dirisha inaiingizia au kuipotezea nyumba kwa mwaka. Kwa dirisha la mama: 98.4 kutoa 95.9, yaani 2.5 juu ya sifuri. Sifuri mpaka chini ya 10 ni A. Nilirudia hesabu hiyo kwenye karatasi mara ya pili, kwa sababu ya ile alama ya kujumlisha. Jua limewekwa upande wa faida. Katika fomula ile, dirisha linaloingiza jua zaidi linapata alama nzuri zaidi, kwa kuwa imeandikwa kwa nchi ambayo nyumba huwashiwa mitambo ya kupasha joto miezi mingi ya mwaka na kila mwali wa jua ni akiba ya gesi.

Nikajaribu kinyume. Chukua dirisha lilelile, U ileile ya 1.4, lakini weka kioo cha kuzuia jua chenye g ya 0.25, ambacho ndicho kingemfaa mama mwezi wa Machi. Fomula inatoa 41 chini ya sifuri. Uingereza dirisha hilo lingepewa E. Nilitoka nje nikawaonyesha karatasi. Dirisha ambalo Kwa Vonza lingekuwa bora zaidi lingeandikwa daraja karibu na mkia, na lile lililoandikwa A linampika bibi wa watu. Lebo haikudanganya. Ilijibu swali la Leicester.

Mume wangu, ambaye hushawishika kwa namba na si kwa maneno, alitaka kujua ni joto kiasi gani. Alasiri ya Machi, ukuta wa magharibi ukitazamwa na jua moja kwa moja, unaweza kupokea zaidi ya wati 600 kwa mita mraba. Madirisha mawili ya mama ni mita mraba 4.3. Zidisha kwa 0.45 unapata karibu wati 1,160 zinazoingia sebuleni, sawa na kuacha pasi ya umeme imewashwa juu ya meza. Ile U nzuri inasaidia nini saa hiyo? Nje ikiwa na joto kuliko ndani kwa nyuzi 5, kioo kimoja cha kawaida kingepitisha wati 120 hivi, haya ya A yanapitisha 30. Yameokoa wati 90. Yameingiza 1,160. Na usiku mambo yanageuka: ndani nyuzi 29, nje 18, kioo cha kawaida kingetoa nje zaidi ya wati 260, haya yanaruhusu chini ya 70. Wifi alinyanyua mikono: majirani walikuwa sahihi. Kwa upande wa usiku, ndiyo. Ila haki isemwe: kioo kimoja cheupe cha ukubwa uleule kingeingiza jua zaidi mchana, kwa sababu g ya kioo hicho ni zaidi ya 0.8. Tabaka mbili hazikuwa kosa. Kosa lilikuwa upana ule, upande ule, bila kivuli na bila kufunguka.

Fundi aliyemwagia mlango maji ni kijana makini, na alikuwa amesikiliza yote. Aliuliza kama ule utando wa metali unaonekana. Tukangoja giza. Kuna njia ya zamani ya mafundi wa vioo: unawasha njiti ya kiberiti karibu na kioo na kutazama taswira za mwali. Vioo viwili vina nyuso nne, kwa hiyo unaona miali minne, mmoja nyuma ya mwingine. Tulisimama ndani, akawasha. Mwali wa kwanza ulikuwa wa manjano, wa tatu na wa nne pia. Wa pili ulikuwa na weusi wa zambarau. Utando uko pale, kwenye uso wa nje wa kioo cha ndani, mahali unapowekwa ili jua liingie na joto la nyumba lisitoke. “Basi tukigeuza kioo, mwalimu?” aliniuliza. Lilikuwa wazo zuri, na kwa kweli utando ukihamia kioo cha nje g inapungua. Lakini inapungua kidogo tu. Pia nilikataa wazo la jirani mwingine la kukata vioo viwe vidogo. Kioo cha namna hii kimezibwa pembeni pande zote. Ukikikata, gesi inatoka, unyevu unaingia, na baada ya mvua moja kinapata ukungu wa ndani ambao hakuna kitambaa kinachoweza kuufikia.

Kumwambia shemeji kulinipa kazi kubwa kuliko hesabu. Mume wangu alitaka tuseme tunabadilisha ramani. Mimi nilimpigia kwa video, nikamwonyesha jua lilivyolala sakafuni, kisha nikamtumia picha ya karatasi. Alinyamaza. “Shemeji,” akasema hatimaye, “wateja hapa huuliza herufi tu. Hata mimi naangalia herufi.” Kisha akauliza mama analala wapi, nikamwambia ukweli, jikoni. Alijifuta uso. Swali lake lililofuata lilikuwa la fundi: dirisha linatazama wapi?

Ningependa watu wetu walioko nje waulize swali hilo kabla hawajalipia kontena, na kabla jamaa huku hawajapanua nafasi ukutani. Hapa kwetu hakuna lebo itakayowazuia. Kanuni za mwaka 2016 zilileta lebo ya nyota kwenye vifaa kama friji na viyoyozi, na mamlaka ya nishati, EPRA, ndiyo inayozisimamia, lakini dirisha halimo. Kwa hiyo dirisha huja na lebo ya kwao. Ya Marekani, inayotolewa na baraza lao, NFRC, haina herufi. Huandika U na kiwango cha joto la jua kila kimoja peke yake, jambo ninalolipenda. Mpango wa Energy Star huko umeigawa nchi kwa kanda, na tangu 2023 kanda ya kusini yenye joto hudai kiwango cha jua kisizidi 0.23. Hiyo ndiyo namba ya kutafutwa na mtu wa Kitui au Makindu. Ila tahadhari moja: U ya Marekani huhesabiwa kwa vipimo vyao vya zamani. Ukisoma 0.30 usidhani ni ndogo mara tano kuliko 1.4; izidishe kwa 5.7 na utapata 1.7. Waaustralia hutoa nyota za aina mbili, za msimu wa kupasha joto na za msimu wa kupoza, na nadhani wamefikiri vizuri kuliko wote.

Lakini hata g ndogo kabisa haishindi kivuli, na kivuli hakina lebo. Kitui iko takriban nyuzi 1.4 kusini ya ikweta. Jua letu hupita utosini Machi na Septemba, huegemea kaskazini Juni na kusini Desemba, bila kwenda mbali. Kwa hiyo dirisha la kaskazini au kusini lenye kimo cha mita 1.2 linafunikwa lote na upenu wa sentimita 60 saa sita mchana mwaka mzima. Magharibi ni habari nyingine. Tulisimamisha kijiti uani mwa mama alasiri ya mwisho wa Machi na kufuata kivuli chake. Ilipokaribia saa kumi na moja kasorobo jua lilikuwa limeshuka hadi nyuzi 30 hivi, na ili upenu ufunike dirisha lile ungehitaji kuchomoza zaidi ya mita 2. Hiyo si upenu tena, ni baraza. UN-Habitat, ambao makao yao yako Gigiri, wamechapisha mwongozo wa usanifu wa majengo ya Afrika Mashariki, na humo nako kivuli cha nje na mwelekeo wa nyumba vinatangulia kioo. Pazia zito la ndani, ambalo ndilo la kwanza watu hukimbilia, hulikamata jua likiwa limeshavuka kioo, na joto linabaki nyumbani.

Mama alijengewa baraza, nguzo za mukau, paa la mabati lenye dari ya mianzi chini yake, na upande wa magharibi shedi neti ya kushusha jua likiwa chini kabisa. Madirisha makubwa yaling'olewa kwa uangalifu. Nafasi zikapunguzwa, yakaingia ya chuma yenye mbawa mbili zinazofunguka kote, na wavu wa mbu. Ukutani mashariki, upepo wetu mwingi unakotoka, tulifungua dirisha jingine ili hewa ipite nyumba nzima. Dukani walitaka kutuuzia kioo cha rangi ya shaba. Kioo hicho cha milimita 6 hupunguza jua hadi karibu 0.6, lakini chenyewe huwa moto, na kwa kuwa sasa kuna baraza tulichukua cheupe cha bei ndogo.

Mlango ndio nilioupigania. Mlango wa bati moja hauna tofauti kubwa na kioo kimoja kwa kupitisha joto, na ukiupaka maruni na kuuelekeza magharibi unakuwa bamba la moto. Tukauhamishia nyuma, upande wa kivuli, na mbele tukaweka wa mbao za mukau. Mti huu ni wetu wa nyika, mchwa hawaupendi, hukua haraka kwa mti wa mbao ngumu, na watu wa taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, wa Tiva, hapo hapo Kitui, wakishirikiana na shirika la Japani la JICA tangu 2012, wamekuwa wakichagua na kupanda mbegu zake bora. Seremala alituambia mbao zikiwa na unyevu mlango utapinda kabla ya Agosti. Tulisubiri zikauke. Mama alisubiri pia, akiwa jikoni, na alirudi chumbani kwake mlango ulipofungwa bawaba.

Kilichobaki kilikuwa madirisha mawili ya A, yameegemezwa ghalani, na kibandiko chake. Wifi aliyataka.

Nunguni iko juu ya vilima vya Kilungu. Ni Makueni ileile yenye Kibwezi iliyo chini ya mita 1,000 na mji wa Wote wenye joto lake, lakini Julai kule ukungu hukaa asubuhi nzima, manyunyu hayaishi, na wazee hukaa na makoti ndani ya nyumba. Nyumba ya wifi ilikuwa bado msingi. Kwa mara ya kwanza madirisha yale yalipata nyumba iliyojengwa kwa vipimo vyake, yakaelekezwa mashariki, na kidogo kaskazini kwa sababu ndiko jua la Julai linakochomoza. Kule fomula ya Waingereza inakaribia kusema kweli: jua la asubuhi liingie, na joto lisitoke usiku.

Hapo tukakosana tena, na safari hii nilipandisha sauti. Fundi wa Nunguni alitaka kuyaziba kwa saruji matundu ya hewa juu ya madirisha. Alikuwa ameiona ile 0.00 na kuelezwa maana yake, akasema dirisha lisilovuja halifai kukaa chini ya ukuta unaovuja, na wifi alimuunga mkono kwa sababu ya baridi. Lakini wifi, Julai, huingiza jiko la makaa chumbani. Watu wengi wa vilimani hufanya hivyo, na kila msimu wa baridi tunasikia ya familia iliyolala na jiko na haikuamka. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, haimwamshi mtu. Katika nyumba ya zamani yenye nyufa hewa hiyo hupata njia. Katika nyumba yenye dirisha la 0.00, mlango mzito na matundu yaliyozibwa haina pa kwenda. Nilimwambia wifi kwamba afadhali dirisha lishuke hadi G kuliko nisikie habari hiyo ya watoto wake.

Alikasirika, akapika chai, akanyamaza, kisha akamwita fundi. Matundu yamebaki wazi, yamewekwa wavu, na mume wake amejenga kibanda cha jiko nyuma ya nyumba, chenye bomba la moshi. Shemeji alipoambiwa aliomba picha ya matundu yale, akaniandikia kwamba hata madirisha wanayofunga Uingereza siku hizi huwekwa mwanya mdogo wa hewa juu ya fremu, na kwamba ya mama hayakuwa nao kwa sababu yule mteja wa kwanza hakuutaka.

Kibandiko hakikupelekwa Nunguni. Mama alikibandua mwenyewe kabla ya lori kuondoka, na mwalimu mkuu wetu amekubali nikitumie darasani kidato cha nne, namba tatu za chini zikiwa zimezungushiwa wino mwekundu.